Kwa Fundi Inapona, Nyumbani Inaugua

Wiki iliyopita mliniacha barabarani, nimelowa mpaka ndani ya masikio, nasukuma pikipiki yangu kama mtu anayemrudisha mlevi kwake. Wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza niwaeleze kwa ufupi, tusije tukaachana njiani.

Mimi ni mzee wa kuhamahama. Nimekaa kambi za barabara, nimekaa viwanda vya mbao, nimekaa mahali ambapo mpaka naondoka nilikuwa bado sijalijua jina lake vizuri. Shule nimeisoma vipande vipande, darasa moja huku, jingine kule. Sasa naishi kwa binti yangu, fundi cherehani, na mume wake, kinyozi. Na mimi sipendi kuishi kwa mtu, hata kama mtu huyo nimemzaa mwenyewe.

Rafiki yangu wa zamani wa kambini, tuliyemwita Msumari kwa sababu akikaa mahali hang'oki mpaka umtoe kwa nguvu, ni msimamizi wa machimbo ya kokoto. Ni mbali, mwendo wa asubuhi nzima kwa pikipiki. Alinipigia simu kwamba mtunza stoo wao ameacha kazi, na wanataka mtu anayezijua spana kwa majina na mwenye chombo chake cha kumfikisha mjini akitumwa. Bosi akauliza, mzee wa nini? Msumari akaniombea nafasi mpaka Jumatatu. Nikionekana getini kabla ya mchana, juu ya pikipiki yangu mwenyewe, kazi ni yangu. Nisipoonekana, anaingia mpwa wa bosi.

Mzee wa umri wangu haitwi kazini mara mbili. Hilo lishikeni, maana ndilo lililonifanya nikose adabu kama mtakavyoona.

Basi, pikipiki. Ugonjwa wake ulikuwa wa kishenzi. Asubuhi inawaka kwa teke moja, inanguruma mpaka unatamani kuita majirani waje kusikia. Kisha, baada ya muda, ukiiacha ingurume imesimama bila kuvuta mafuta, ile hali mafundi wanaiita sailensa, vituko vinaanza. Sauti inapanda yenyewe kama mtu aliyetukanwa. Inashuka. Inapanda tena. Inashuka mpaka unaisikia ikivuta pumzi za mwisho, halafu kimya.

Uipige teke utakavyo. Mguu wangu wa kulia umekuwa na msuli kama wa mchezaji mpira.

Fundi wangu anaitwa Bubu. Jina hilo alipewa na watu wenye dhihaka, maana toka azaliwe hajanyamaza. Ana banda la mabati kando ya stendi, na ana mtindo wake wa kazi. Hagusi pikipiki ya mtu kabla hajafungua tanki na kuchungulia ndani, kama daktari anayemwambia mgonjwa apanue kinywa. Aliwahi kushinda siku nzima akitafuta ugonjwa kwenye pikipiki ambayo haikuwa na mafuta, na watu wanamcheka mpaka leo. Kwa hiyo kwanza tanki, mengine baadaye.

Kila alipofungua langu, lilitoa sauti ndogo: fyuu. Mimi niliisikia. Yeye aliisikia. Hakuna aliyesema kitu.

Mara ya kwanza alisema ni plagi. Akaitoa, imeungua nyeupe, akaikwangua, akaitia nyingine. Pikipiki ikatulia pale bandani, ikanguruma kama paka aliyeshiba. Nikaondoka nacheka. Nilipofika mlangoni kwa binti yangu, ikapanda, ikashuka, ikafa.

Nikairudisha. Akasema ni kabureta. Akaifungua, akaipuliza kila kitundu, akaiosha kwa petroli mpaka ikang'aa. Bandani, safi. Nyumbani, ikafa.

Nikairudisha. Akasema ni ule mpira unaounganisha kabureta na injini, huenda umepasuka na unanyonya hewa. Akaumwagia maji injini ikiwa inanguruma, asikie kama sauti itabadilika. Haikubadilika. Akaubadilisha mpira hivyo hivyo, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuushika. Bandani, safi. Nyumbani mnajua wenyewe.

Akagusa vali. Akagusa koili. Akazungusha skrubu ya hewa, robo huku, robo kule, ameinamisha sikio kama anayesikiliza siri za watu ukutani. Kila alichogusa kilipona mbele yake, na kila nilichofika nacho nyumbani kilikuwa maiti.

Nikakaa kitandani nikafikiri. Pikipiki hii hailali nje. Inalala chumba cha mbele, ambacho mchana ni cha cherehani ya binti yangu, na jioni kikishafungwa kinakuwa changu mimi na pikipiki. Mgeni haingii humo. Ikiwa kwa fundi inapona na nyumbani inaugua, basi mbaya wangu yumo ndani.

Binti yangu nilimwondoa kwenye hesabu mara moja. Huyo ni damu yangu, tena alikuwa ananishonea jaketi la safari, lenye mifuko ndani na nje. Kila nikimuuliza limefika wapi, ananiambia bado mkono mmoja.

Akabaki mkwe.

Mkwe wangu ni mtu mrefu, mkimya, anayeongea kama aliyekatazwa. Aliwahi kusema, kwa sauti yake ile ya chini, kwamba nyumba inanuka petroli na wateja wa mkewe watakimbia. Na asubuhi moja nilitoka bafuni nikamkuta amechuchumaa kando ya pikipiki, mkono uko juu ya tanki. Aliponiona akasimama, akasema anatafuta kandambili.

Kandambili alikuwa amezivaa.

Sasa fikirini ninyi. Jumatatu inakuja, pikipiki inakufa, na mtu anatafuta kandambili zilizo miguuni mwake. Damu ilinipanda. Nikaenda moja kwa moja kwenye chumba chake cha kunyolea, na nilikuta watu wamejaa mpaka mlangoni, maana ilikuwa Ijumaa.

Pale kwake kuna mashine za umeme kama kwa vinyozi wote, lakini ndevu ananyoa kwa mtindo wa zamani. Ana bakuli la sabuni nyeupe laini yenye harufu ya ndimu, anachovya brashi, anakupaka mpaka unajiona umekuwa mtu wa maana. Wengine humfuata kwa ajili ya ile sabuni tu. Alikuwa amempaka mteja upande mmoja wa uso, wembe uko hewani, nilipoingia.

Sikusalimia. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba ametia sukari kwenye tanki langu. Nikamwambia nimemwona. Mteja aliyekuwa kitini akanitazama kwenye kioo kwa jicho moja, lile lisilo na povu.

"Mkwe," nikasema, "unataka niondoke, au unataka nibaki? Chagua moja. Maana pikipiki yangu unaiua, na mimi bado nimo kwako nakula."

Yeye akafuta wembe kwenye taulo, taratibu, pande zote mbili.

"Baba," akasema, "mdomo wangu unajua kumwambia mtu nenda. Neno la upande wa pili ndilo huwa linanishinda."

Nililichukua kama tusi. Niliona ananiambia kwamba yeye ni mtu wa kufukuza, basi. Nikamjibu aliseme hilo analoliweza, aliseme hapahapa, watu wasikie. Hakulisema. Alichovya brashi akaendelea na lile shavu la pili, nami nikabaki nimesimama katikati ya nywele za watu kama mdai aliyekosea nyumba.

Nikatoka. Mkwe na mkwe kugombana mbele ya wateja ni aibu inayotembea. Nilipofika kwa Bubu ilikuwa imekwisha kunitangulia.

Bubu alikuwa nayo tayari mdomoni. Alifungua tanki, fyuu, akachungulia, akasema hakuna dalili ya sukari, na kwamba mzee mzima nimewafedhehesha vinyozi. Nikamwambia yeye amebadilisha kila kitu kwenye pikipiki hii isipokuwa mwendeshaji. Akasema labda hicho ndicho kipuri kibovu.

Nikapanda, nikapiga teke, nikaondoka huku bado anaongea. Yule huongea hata akiwa peke yake, kwa hiyo sikumkosesha kitu.

Nilikuwa njia panda petroli iliponirukia pajani. Hasira ilikuwa imenipofusha: kifuniko cha tanki nilikiacha juu ya meza ya Bubu. Kurudi kwake nikiwa na uso ule, sikuweza. Nikatoa mfukoni kitambaa, masalio ya gauni la mteja mmoja, nikakisokomeza kwenye mdomo wa tanki, nikaenda hivyo hivyo.

Na hapo ndipo niliposhangaa.

Nilifika nyumbani. Pikipiki ikasimama mlangoni, inanguruma. Nikangoja ipande. Haikupanda. Nikangoja ishuke. Haikushuka. Nikaweka kiti, nikakaa nayo kama mgonjwa na mwuguzi. Binti yangu alishona pindo la gauni zima, akalikunja, akalitia pasi, na pikipiki bado inanguruma kwa sauti ileile moja. Nikazunguka nayo nyuma ya soko, nikapanda kilima cha tanki la maji, nikarudi. Haikutetereka.

Kumbe Bubu ni fundi, nikasema. Kumbe ile skrubu ya hewa ilikuwa inahitaji muda ikae. Nilimsifu moyoni mpaka nikaona haya.

Nikamwambia binti yangu Jumatatu asubuhi naondoka. Mguu wake ukasimama kwenye pedali ya cherehani.

"Jaketi bado," akasema.

Nikamwambia nitaenda bila jaketi. Akasema machimboni kuna baridi. Nikamwambia mimi na baridi tunafahamiana tangu yeye hajazaliwa. Hakucheka. Akavuta uzi, akaukata kwa meno, na mkasi alikuwa nao mapajani.

Kesho yake asubuhi Bubu akaja mwenyewe, amebeba kifuniko changu kwenye mfuko wa plastiki kama zawadi. Nikamlaki kwa mikono miwili. Nilimsifu mbele ya majirani, akazipokea sifa kama mtu anayepokea mshahara uliochelewa. Akakifunga kifuniko kwa mkono wake, akapiga teke, pikipiki ikanguruma, naye akaanza kutueleza ni dawa gani hasa iliyoponya. Akasema plagi ilisaidia, kabureta ikasaidia, lakini mwisho wa yote ni ile robo ya skrubu, na kwamba si kila mtu ana sikio la kuisikia robo ile.

Alikuwa hapo kwenye sikio, pikipiki ikapanda.

Ikashuka. Ikapanda. Ikashuka, ikafa.

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Bubu alistahili jina lake.

Nilitaka kulia, wasomaji wangu. Nilijikaza kisabuni, nikakaa chini kwenye kizingiti. Binti yangu alitoka akasimama nyuma yangu na utepe wa kupimia shingoni. Bubu, kwa mazoea tu, kwa kuwa mikono yake haijui pa kuanzia pengine, akafungua tanki achungulie.

Fyuu.

Safari hii alinitazama. Nami nikamtazama. Akapiga teke kifuniko kikiwa mkononi: ikawaka, ikatulia. Akafunga. Tukangoja. Ikapanda, ikashuka, ikafa. Akafungua: fyuu. Akapiga teke: ikatulia. Tulifunga na kufungua kama watoto waliopata mchezo mpya, mpaka majirani wakachoka wakaondoka.

Alinieleza mwenyewe, polepole, kama anayejieleza yeye. Ukitoboa kopo la mafuta ya kula tundu moja tu, mafuta hayatoki vizuri. Yanagugumia, yanatoka kidogo, yanakwama. Ukitoboa tundu la pili, la hewa, yanamiminika. Tanki la pikipiki ni kopo hilohilo. Kuna kitundu kwenye kifuniko, chembamba, cha kuingiza hewa kadiri petroli inavyopungua. Kikiziba, petroli haiteremki, injini inakufa kwa kiu na tanki limejaa. Na yeye siku zote alikuwa anaanza kwa kufungua tanki. Alikuwa anaiponya kabla hajaanza kuitibu.

"Plagi ilikuwa nyeupe," akasema. "Ilikuwa inaniambia mafuta hayafiki. Nami nikaikwangua."

Tukakigeuza kifuniko kwenye mwanga. Kitundu kilikuwepo, na ndani yake kuna kitu. Nikamwomba binti yangu sindano. Alikitazama kifuniko, akanitazama, akanipa sindano bila kuuliza ya nini.

Ilitoka sabuni. Sabuni ya bluu, ya mche, vile vipande vyembamba anavyochorea vitambaa kabla ya kukata.

Bubu akakumbuka kwamba ameacha banda wazi. Akaondoka bila kuaga, jambo ambalo kwake ni sawa na mtu mwingine kuzimia.

Nilimuuliza binti yangu kwa nini. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akaanza kwa kucheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa. Akasema kuna mteja alirudisha gauni la kuendea kwenye sherehe, kwamba linanuka petroli kama pampu. Akasema alitafuta harufu inapotokea akaikuta pale juu ya kifuniko. Akachukua sabuni, akaishindilia kwa kidole, akailainisha kwa ncha ya sindano. Harufu ikakata. Mumewe akachuchumaa asubuhi ile kunusa kama kweli imekata, akanikuta natoka bafuni, akaona aibu kukutwa ananusa mali ya mkwe.

"Nilidhani ni kitundu tu," akasema. "Sikujua kina kazi. Na wewe ndiye uliyenifundisha, baba."

Ni kweli. Alipokuwa mdogo, moja ya zile mara chache nilizokuwa nyumbani, nilimsimulia tanki lilivyonivujia mahali pasipo na mtu, nikaliziba kwa kipande cha sabuni, kwa sababu sabuni inayeyuka kwa maji lakini petroli haiiwezi. Nilikuwa nimesahau kwamba nilimsimulia. Yeye hakusahau hata aina ya sabuni.

"Kwa hiyo sasa itafika?" akauliza.

Nikamwambia itafika.

"Haya," akasema, akanigeuzia mgongo, akauvuta ule mkono wa jaketi uliokuwa haumaliziki. Jioni ile ukamalizika.

Kazi ngumu ikawa mkwe. Mimi kuomba radhi sikuzoea. Mtu wa kuhama akikosana na watu anafunga mzigo. Nilimngoja mpaka amenawa, amekaa, nikamwambia nimemkosea, na kwamba ile sukari ilikuwa sabuni. Sikuipanga vizuri, lakini alielewa.

"Yameisha, baba," akasema. Kisha akasema nipite kwake kesho aninyoe, nisiende kazini kama mfungwa aliyetoroka.

Jumapili alifungua chumba chake kwa ajili yangu peke yangu. Akanikalisha, akanizungushia shuka, akachovya brashi. Alininyoa taratibu kuliko siku zote. Mimi niliongea kwa niaba ya sote wawili, kuhusu machimbo, kuhusu Msumari, kuhusu chumba nitakachopewa chenye mlango wangu na ufunguo wangu.

Yeye aliuliza jambo moja tu. Alitaka kujua kipande kidogo vile cha sabuni kinawezaje kuzima injini nzima.

Nilifurahi kuulizwa. Nilimweleza yote, kopo la mafuta, tundu la pili, kiu na tanki lililojaa. Nikamwambia hata hili, kwamba tanki likiwa tele ndiyo mambo yanaharibika mapema, kwa sababu juu yake hakuna nafasi ya hewa. Nikajisikia mwalimu. Yeye akawa anaitikia, "Naam, baba," huku anafuta povu nyuma ya masikio yangu kwa kidole gumba.

Jioni nikajaza tanki mpaka shingoni.

Jumatatu nilipotoka na kikombe cha chai mkononi, mkwe alikuwa amekwisha kuitoa pikipiki nje na kuifuta vumbi. Binti yangu alinivalisha jaketi kama mtoto wa shule, akafunga kila kifungo, akavifungua, akavifunga upya. Alisema nikifika nipige simu. Nikasema nitapiga. Akasema, "Husemagi kweli," na akaingia ndani kabla sijapanda.

Mkwe alinishikia usukani nipandishe mguu. Aliutazama mguu wangu, akalitazama tanki, kunitazama mimi hakunitazama.

"Nenda salama, baba," akasema. Neno lile analoliweza.

Niliondoka kifua mbele. Nilipita soko, nikapita stendi, Bubu akanipungia spana. Nilipanda kilima cha mwisho, na katikati ya kilima nikaisikia inakohoa. Nikajidanganya kwamba ni baridi ya asubuhi.

Chini ya kilima kuna reli. Kizuizi kilikuwa kimeshuka, treni ya mizigo inapita, mabehewa hayana mwisho. Nikasimama mbele kabisa, magari yakajipanga nyuma yangu. Pikipiki ikawa inanguruma imesimama.

Ikapanda.

Nikaiambia usinifanyie hivi. Ikashuka. Ikapanda tena, ikatetemeka mpaka vioo vya pembeni vikacheza, ikashuka, ikafa kati ya behewa na behewa.

Sitaandika nilichosema. Nilimtaja Bubu, nikamtaja mama yake, nikataja skrubu ya hewa. Nikapiga teke mpaka jaketi likanilowa ndani. Simu ikalia mfukoni, Msumari, najua alitaka kuniuliza niko wapi. Nikaiacha ilie. Nikashika kifuniko cha tanki nikakifungua.

Fyuu.

Mimi mwenyewe nilikisafisha kitundu kile kwa sindano. Nilipuliza hewa ikapita, niliisikia ikipita. Nikakigeuza kifuniko kuelekea jua.

Kilikuwa kimezibwa. Kimezibwa vizuri, kwa utulivu, na mtu mwenye mkono mwepesi.

Binti yangu, nikawaza. Nikavunja njiti ya kiberiti, nikachokonoa. Nilingoja bluu. Ilitoka nyeupe, laini, bado mbichi, ikanata kwenye ncha ya njiti. Nikaisogeza puani.

Ndimu.

Nilimtukana. Nilimtukana mkwe wangu kwa sauti, peke yangu, mbele ya treni ambayo haikuwa na habari nami. Nikamwambia muda wote ule nilikuwa nakuuliza swali rahisi. Nikamwambia kazi hii siipati tena. Kisha nikainusa njiti ile mara ya pili.

Behewa la mwisho likapita. Kizuizi kikanyanyuka. Nikafunga kifuniko, nikapiga teke moja tu, na ikawaka. Mbele yangu barabara ilikuwa nyeupe mpaka machimboni, na muda bado ulikuwepo, kidogo. Nyuma yangu kilikuwa kilima kile, na ng'ambo yake mtu ambaye bila shaka alikuwa amesimama mlangoni kwake na brashi mkononi, anasikiliza kama kuna pikipiki inasukumwa.

Nyuma yangu watu wakaanza kupiga honi. Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani. Hakuwa na hasira, alitaka kujua tu.

"Mzee," akaniambia, "unakwenda au unarudi? Sema moja tukupishe."

Pikipiki ilikuwa inanguruma chini yangu sawasawa, haipandi wala haishuki. Nikamgeukia, nikafungua kinywa kumjibu, na neno likanishinda.